Nimemwalika mgeni mlimani, na mlima wenyewe siujui

BARUA

Kaka, shikamoo.

Nimebakiza wiki tano, na nina uongo wa miaka sita wa kuumaliza.

Mimi ni binti wa Marangu, nina miaka 36, naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Miaka sita iliyopita nilikuwa nasoma Bergen, Norwei. Huko nilipata rafiki, tulikuwa darasa moja, akanichukua kama ndugu wa tumbo moja. Krismasi nilikula kwao. Nilipolala na mafua wiki mbili alikuwa analeta supu na kuiacha mlangoni. Na wikiendi moja ya Agosti, yeye na dada yake wakanipeleka mlimani.

Tulipanda treni tukashuka stesheni ya Finse, mita 1,222, tukatembea siku tatu tukilala kwenye vibanda vya chama chao cha watembea milima. Njia imechorwa herufi T nyekundu kwenye mawe, huna haja ya kuuliza mtu. Vibanda vingine havina mhudumu. Unafungua stoo, unachukua mkebe wa chakula, unaandika mwenyewe ulichochukua, unalipa. Nilivaa mabuti ya kuazima ya dada yake, yamenizidi namba moja, na siku ya pili visigino vilikuwa nyama tupu. Rafiki yangu akachukua begi langu, akalifunga juu ya lake, akaendelea kutembea huku anapiga mluzi.

Usiku ule mezani watu wakaniuliza habari za Kilimanjaro. Kaka, nilijibu hivi: "Mimi ni wa Marangu. Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa miongoni mwa waliomwongoza Mjerumani Hans Meyer alipoupanda mlima huo mwaka 1889, alikuwa mtu wa kwetu." Utafute uongo hapo, hauupati. Lakini meza nzima ilinitazama kwa heshima, nami nikanywa chai yangu nikanyamaza. Tangu siku ile rafiki yangu ananitambulisha kwa watu kama "mwenzangu wa milima". Ukweli ni kwamba geti la Marangu nimelifikia mara mbili, moja kwa ziara ya shule, nyingine kumsindikiza mjomba aliyekuwa na kazi pale. Kulala mlimani katika nchi yangu sijawahi hata usiku mmoja.

Sasa anakuja. Anatua Dar Alhamisi usiku, mwezi Agosti, na Jumanne ana mkutano Zanzibar. Hataki hoteli, hataki kuzungushwa na gari mbugani. Anataka "wikiendi ya mlima kama ile ya Finse, ila safari hii wewe uongoze". Binamu yangu wa Arusha akasema Kilimanjaro haiwezekani kwa siku hizo, twende Meru, mlima mdogo ule, mnapanda Jumamosi mnashuka Jumapili. Nikamwandikia mgeni, akafurahi kupita kiasi. Akauliza: maji tutakunywa ya mtoni? Hema tutapiga popote? Kwao sheria inamruhusu mtu kupiga hema porini bila kuomba, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Sikujua la kujibu, nikamtumia kidole gumba.

Kuna na mengine. Mama amesikia kwamba mgeni atabeba begi lake mwenyewe, amekuja juu: "Tuonekane tumemtwisha mgeni mzigo?" Mgeni naye kasema wazi kwamba hataki mtu wa kumbebea, anaona haya mtu mzima kubebewa nguo zake. Halafu hela. Kule alilipa yeye kila kitu, nauli hadi vitanda. Nimeweka akiba laki tisa, na nasikia wageni hapa wanatozwa kwa dola. Nitaanzaje kumwambia mtu wa namna ile atoe dola zake?

Niseme ukweli, au nijikaze tu? Nimefikiria hata kutafuta mwongoza njia kimyakimya, aje ajifanye binamu yangu.

Mwenzangu wa Milima
Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Hilo la mwongoza njia kujifanya binamu lisahau. Nalijua kwa sababu huyo binamu niliwahi kuwa mimi. Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, nikiwa mgumu, kama tunavyoitana wenyewe, kabla sijaanza kuongoza. Siku moja ya mapumziko kijana wa mjini alinipa elfu ishirini niwasindikize yeye na mchumba wake hadi kwenye maporomoko, kwa masharti kwamba nimwite "bro" na yeye atangulie mbele. Tukafika mahali njia inagawanyika. Mchumba akauliza, kushoto au kulia? Kijana akanitazama mimi. Mchumba naye akanitazama mimi. Hadi tunarudi barabarani hakuna aliyesema na mwenzake, na ile elfu ishirini ilinikaa mfukoni kama ya wizi.

Sasa Meru. Binamu yako wa Arusha anaujua mlima ule kama anavyoujua mtu anayeutazama dirishani akipiga mswaki. Meru una zaidi ya mita 4,500. Ni wa pili kwa urefu Tanzania, na unaitwa mdogo kwa kuwa tu jirani yake ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mnaanzia geti la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kwa ajili ya nyati na tembo hamwendi hatua bila askari mwenye bunduki. Usiku wa kwanza mnalala Miriakamba, mita 2,500 na ushei. Wa pili mnalala Saddle, mita 3,500 na ushei. Halafu mnaamshwa usiku wa manane kupanda mita elfu nyingine gizani, juu ya ukingo ambao upande mmoja ni shimo la kreta. Wenye haraka wanaumaliza kwa siku tatu, wenye akili wanachukua nne. Ongeza na basi la siku nzima kutoka Dar kabla hamjaligusa geti. Jumamosi na Jumapili haitoshi.

Najua utasema mgeni wako ni mtu wa milima tangu utotoni. Kweli, na kuhusu baridi, upepo na ramani huenda anajua kunizidi. Lakini mlima mrefu kuliko yote kwao, Galdhøpiggen, una mita 2,469. Maana yake kibanda cha kwanza cha Meru, kile ambacho watu wanafika bado wanataniana, kiko juu kuliko nchi yake yote. Hajawahi kulala kwenye hewa ile. Wewe binti wa Marangu nawe hujalala. Mimi nimewaona wakimbiaji wa marathoni wakishushwa kwa machela, na nimemwona mama wa miaka sitini na kitu, aliyetembea kama anakwenda ibadani, akifika kileleni anachagua wapi apige picha. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii mazoezi ya mtu. Wenye nguvu ndio unaowapata kirahisi, kwa sababu ndio wanaokimbia.

Unaanza na kichwa kuuma, chakula kinakataa, usingizi hauji, mwili unakuwa mzito kama wa malaria. Hapo mtu anakaa palepale alipo, hapandi tena mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi, au maneno yanapotea, au anahema na kukohoa hali amekaa tu, hakuna cha kusubiri asubuhi: anashushwa saa hiyohiyo, usiku ule ule. Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Toka Miriakamba hadi Saddle ni kama mara mbili yake. Ipo dawa, acetazolamide, lakini hiyo ni mazungumzo yake na daktari wake kabla hajapanda ndege, na hata akiinywa haigeuzi wikiendi kuwa wiki.

Kwa hiyo Meru mpe jina la "safari ijayo", na safari hii mpeleke Usambara.

Usifikiri nakupa daraja la pili. Finse hamkupanda kilele chochote, ulivyoeleza mwenyewe. Mlitembea kutoka kitanda hadi kitanda na begi mgongoni. Usambara ya Magharibi ndiyo mahali petu pa kutembea hivyo. Lushoto iko kama mita 1,400, na juu kule Magamba mnapita kidogo mita 2,000, kwa hiyo vichwa vyenu viko salama. Basi la alfajiri kutoka Mbezi linapita Chalinze, Segera na Korogwe, mnaiacha barabara kuu Mombo, kisha kilomita 33 za kona kupandia Soni. Mwambie akae upande wa dirisha, nawe kama tumbo lako ni la tambarare kaa mbele.

Ijumaa mkifika mchana, msilale. Tembeeni hadi Irente, saa moja na nusu hivi kutoka mjini. Pale ardhi inakatika ghafla, chini kabisa unaona mashamba ya mkonge na barabara mliyojia, magari kama siafu. Njiani kuna shamba la Irente wanaotengeneza jibini na jamu. Nunueni, ndiyo kifungua kinywa cha kesho na chakula cha njiani. Mnorwei umempa jibini na mkate mweusi, umemmaliza.

Jumamosi mnaingia msitu wa Magamba, mbega juu ya miti, baridi ya kweli, mnatokea upande wa pili kwenye mashamba ya mboga yaliyopangwa kwa matuta hadi jioni. Pa kulala ni Rangwi, watawa wana nyumba ya wageni, lakini piga simu mapema wasije wakawa na semina. Jumapili, kama una likizo ya Jumatatu, endeleeni kuelekea Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima, nchi ya Mkomazi iko chini yenu. Kukiwa kweupe mnaweza kuuona Kilimanjaro kule mbali. Nakuachia wewe utakachosema mbele yake. Kurudi kutoka Mtae mabasi yanaondoka alfajiri mno, ulizia jioni saa yenyewe na uongee na kondakta uso kwa uso. Huna Jumatatu? Ishieni Rangwi, Jumapili asubuhi mtafutiwe gari la kurudi Lushoto. Usijaribu kuvuta Mtae na Dar katika Jumapili hiyo moja, utamfikisha mgeni Zanzibar na macho mekundu.

Njia za kule hazina T nyekundu. Kila njia ni ya mtu anayekwenda shambani, kisimani au kanisani, na zinakutana kumi mahali pamoja. Mchukue mwongoza njia wa Lushoto mwenye kitambulisho. Mwulize bei yake inajumlisha nini (kibali cha msitu, chakula, vitanda, nauli yake ya kurudi) na iandikwe kwenye karatasi kabla hamjaanza. Hapo ndipo penye jambo ambalo barua yako inalizunguka bila kuligusa. Unajitesa kwa sababu unadhani wewe ndiwe mwenyeji. Nyumbani kwako Dar, sawa, mpe kiti kizuri na paja la kuku. Usambaani wewe Mchaga ni mgeni kama yeye, lugha yao hujui, kona zao hujui. Mwenyeji ni huyo kijana wa Kisambaa atakayetangulia mbele, na nyie wawili mko nyuma yake mnahema pamoja. Mwambie awafundishe salamu za kwao mkiwa bado Lushoto, maana mtakutana na watu wengi njiani na ni vibaya kupita umefunga mdomo.

Na huo ukweli umwambie sasa hivi, wiki hii, kabla hajakaza mkanda wa akili yake kwa ajili ya Meru. Usimwandikie insha ya kuomba radhi, atadhani umeua mtu. Mtumie sauti, dakika mbili. Mweleze ya Finse kama ulivyonieleza mimi, pamoja na chai uliyonywa ukanyamaza, kwa sababu inachekesha na yeye alikuwepo. Mwambie geti unalijua, mlima hujaulala. Halafu mwambie mipango imebadilika na kwa nini. Wanorwei niliowapandisha walikuwa na kanuni zao tisa za mlimani wanazokaririshwa tangu shule, na ya nane inasema mtu ageuze mapema, kurudi si aibu. Hiyo anaijua kwa moyo. Mtu aliyelelewa na kanuni hiyo hawezi kukudharau kwa kugeuza wiki tano kabla ya safari. Angekudharau kama ungegeuzia Momella, begi mgongoni, askari anasubiri.

Nije kwenye mzigo, na hapa univumilie kwa sababu ni ugali niliokula.

Wageni wengi wa nchi zile wanaona haya kubebewa. Nimewasikia wakibishana getini, "mimi si mkoloni, nitabeba mwenyewe", huku vijana ishirini wamesimama wanasubiri majina yao yaitwe, na kila jina lisiloitwa ni mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa nauli ya daladala. Haya yao ilikuwa ya kweli, lakini ilimgharimu mtu mwingine. Kinachomdhalilisha mgumu ni mzigo uliopita kilo 20 zinazoruhusiwa, viatu vilivyochanika, hema linalovuja, na malipo yanayochelewa mikononi mwa watu wa katikati. Kubeba kwenyewe ni kazi kama ya fundi. Siku atakapokuja kwa Meru au Kilimanjaro mweleze hivyo, na mwambie aulize mzigo umepimwa wapi na bahasha anampa nani.

Lakini Usambara, siku tatu, mnalala vitandani? Hapo mama atanisamehe: mwache abebe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu kaleta jembe lake mwenyewe kutoka kwao. Hamhitaji hema wala jiko, kwa hiyo begi lake halina sababu ya kuzidi kilo nane, na lako pia. Nguo za kubadilisha seti moja, sweta zito (Agosti kule juu ni kipupwe, wewe wa Dar utatetemeka kabla yake), koti la mvua, kofia, tochi ya kichwani, maji lita mbili, karatasi za chooni, dawa zenu. Begi likizidi hapo, kuna kitu umebeba kwa ajili ya picha. Mama mwambie kwamba kumnyang'anya huyu dada begi lake ni sawa na mtu kuja jikoni kwake akamnyang'anya mwiko. Ataelewa, hata kama hatakubali mbele yako.

Maswali yake mawili uliyoyajibu kwa kidole gumba. Hema popote, hapana. Sheria yao inahusu nyika isiyolimwa, na Usambara kila kipande kilicho bapa ni shamba la mtu, na kisicho shamba ni msitu wa hifadhi unaotaka kibali. Ukipiga hema kwenye maharage ya watu utajibu kwa mwenyekiti wa kijiji. Na maji ya mtoni hapana kabisa, hata kama yanameta na yana baridi kama ya kwao. Juu ya kijito kile kuna ng'ombe, juu ya ng'ombe kuna nyumba, juu ya nyumba kuna kijiji kingine. Maji ya chupa, au yaliyochemka, au vidonge vya kutibu maji alivyokuja navyo. Taifodi haijui kwamba mtu amezoea kunywa mto.

Kuna la tatu ambalo hakuuliza kwa kuwa halimjii akilini. Kwao mwanzoni mwa Agosti jua linazama karibu saa nne usiku. Huku saa kumi na mbili na nusu jioni limekwenda, na baada ya nusu saa ni giza la kupapasa. Atataka kupumzika ndefu mchana, apige picha, alale kidogo kwenye nyasi. Mwambie mapema: saa kumi jioni mnataka kuwa mnaona paa la nyumba mtakayolala. Na jua lenyewe la mchana ni la mahali pasipofika digrii tano kutoka ikweta, baridi ya Magamba inamdanganya mtu asipake kitu, jioni shingo imekuwa nyekundu kama nyanya.

Mtungi wa gesi ya jiko asije nao, ndege haikubali na kazi hauna. Mifuko ya plastiki ya kubebea pia aiache, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Picha za watu aombe kwanza. Watoto watamwita mzungu kutoka kilima hadi kilima. Ajibu salamu, apite, asigawe hela wala kalamu. Akiwa na la kutoa, mwongozaji atamwonyesha shule.

Hela sasa. Viwango vya wageni na vya wananchi si ujanja wa mtu yeyote, ndivyo vilivyowekwa: sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo kwa shilingi, wa nje wanalipa zaidi. Mtumie bei kamili kabla hajaja, malipo ya serikali yapitie kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti ibaki kwake. Kibali chake alipe yeye, kwa sababu kimeandikwa jina lake. Vingine vyote, basi, vitanda, chakula, mwongozaji, chai ya tangawizi ya kijijini Lukozi, lipa wewe na umwambie hivyo tangu mwanzo bila kuzungukazunguka: "Finse ulilipa, Usambara nalipa." Kwa njia hii, laki tisa yako ina nafasi ya kupumua. Ungekwenda Meru ingekwisha kabla ya Miriakamba, na ungekopa kimyakimya, na uongo wako ungekuwa miwili.

Limebaki moja, nalo ni wewe mwenyewe. Unakaa mezani kutwa na una wiki tano. Kila siku panda ngazi badala ya lifti, na kila Jumamosi tembea saa tatu na begi lenye vitu ndani. Pugu pana vilima vya kutosha kumkumbusha mtu magoti yake. Kushuka ndiko kunakoumiza kuliko kupanda, kwa hiyo zoea kushuka. Kucha za miguu kata siku mbili kabla, usikate usiku wa safari.

Yale mabuti ya dada yake yasirudi katika maisha yako. Nenda soko la Karume ukachague mtumba wako, na uende jioni mguu ukiwa umevimba wa kutwa, na soksi zile zile utakazotembelea. Vaa, simama kwenye ngazi ukitazama chini. Kidole gumba kikigusa mbele, rudisha. Ukishapata ya kwako ivae kila siku hadi ilainike, hata kazini. Wakikucheka ofisini waambie unakwenda mlimani, na safari hii itakuwa kweli.